Maktaba Moja Inakosekana

Jumatatu, 14 Julai

Kompyuta tatu za shule zimewaka, mbili zimegoma. Jumatatu ya kawaida. Vumbi la wikendi limejaa kwenye feni. Nimefungua, nimepuliza, nimefunga, ya nne ikaamka. Ya tano nimeipiga kofi. Ikaamka pia. Chuoni hawakutufundisha hivyo.

Halafu kazi yenyewe. Mashine ya breli imefika kutoka Wajir. Shule moja huko imepata mpya, ikatupa sisi hii. Wanaume wanne kuishusha kwenye pikapu. Inasukuma karatasi kutoka chini mpaka nukta zinainuka, na watoto wasioona wanazisoma kwa vidole. Mwalimu Nasteho ndiye anayewafundisha watoto wetu sita wasioona, na yeye mwenyewe haoni. Aliipapasa mashine kuanzia miguu mpaka juu kama mtu anayenunua ngamia. Akaigonga ubavu mara mbili.

"Inafaa," akasema. "Wiki mbili, Habiba. Mtihani wa muhula unaanza tarehe ishirini na nane."

Mpaka leo hao sita hawajawahi kusoma mtihani wao wenyewe. Husomewa kwa sauti, swali moja moja, wote pamoja. Muhula uliopita Ifrah, wa Gredi ya Nane kama wenzake watano, aliomba swali la hesabu lirudiwe. Likarudiwa. Akaomba tena, akaambiwa anachelewesha wenzake. Akasimama akatoka. Sifuri. Baba yake amesema mambo yakiwa hivyo tena atamrudisha Balambala akakae na nyanya yake.

Nimemwambia Mwalimu Nasteho nahitaji nusu saa tu. Programu ya kuendesha mashine iko kwenye flashi, watu wa Wajir wameiweka. Nusu saa.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu dada yangu Hamdi ni mpekuzi, na Kiswahili kilimshinda shuleni.

Jumanne, 15 Julai

Si nusu saa.

Programu haikuja ikiwa tayari. Imekuja kama msimbo, maandishi matupu, na kompyuta yetu ya Linux lazima iyageuze yawe programu. Hiyo ndiyo kukompaili. Nimewahi kufanya chuoni, mara moja, mwalimu akiwa amesimama nyuma yangu. Shida ni kwamba walioandika msimbo hawakuandika kila kitu. Wameazima vipande vya watu wengine. Vipande hivyo vinaitwa maktaba. Kimoja kikikosekana, kazi yote inasimama.

Asubuhi: faili iitwayo usb.h haipo. Nimetafuta. Maktaba ya USB ipo! Naiona kwa macho yangu mawili. Kompyuta inasema haipo. Tumebishana mpaka adhuhuri.

Nikatuma ujumbe kwa B. Warsame. Huyu yuko Dagahaley, kule kambi ya wakimbizi karibu na Dadaab. Ni mmoja wa kundi letu la mafundi kwenye simu. Haandiki sana, ila akiandika huwa amepatia. Sijawahi kumwona. Namwita Walaal, yaani ndugu, kama tunavyoitana wote. Jibu lake: "Kitabu unacho. Huna ukurasa wa yaliyomo. Tafuta jina hilohilo lenye -dev mwishoni."

Kumbe maktaba huja kwa mafungu mawili, moja la kuendeshea na moja la kujengea. Mimi nilikuwa na la kwanza tu. La pili nikalikuta kwenye sidii yetu ya zamani ya kusakinisha. usb.h ikapatikana. Nilipiga vigelegele peke yangu chumbani, mlinzi akaja kuchungulia. Dakika moja baadaye kosa jipya, maktaba nyingine. Nikaipata. Nyingine tena. Nikaipata.

Imebaki moja. Ile inayogeuza herufi kuwa nukta. Kesho.

Jumatano, 16 Julai

Mtandao umekufa. Wanaochimba barabara wamekata kebo mahali, wanasema. Simu zinasumbua, ujumbe mfupi unapita, intaneti hakuna mji mzima.

Na maktaba iliyobaki haimo kwenye sidii. Nimeipitia yote, faili kwa faili. Haimo.

Mwalimu Mkuu alipita. Mtu mzuri, lakini anapenda maelezo yaishe haraka. Akauliza shida ni nini. Nikamwambia, "Maktaba inakosekana, Mwalimu."

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Hiyo ni aibu," akasema. "Nitalishughulikia leo leo."

Nimeshangaa. Labda anamjua mtu wa kebo.

Alhamisi, 17 Julai

Hamjui mtu wa kebo.

Jana baada ya swala ya Magharibi alisimama msikitini akatangaza kwamba shule yetu haina maktaba. Mji umeitikia. Saa nne asubuhi pikapu limeingia na maboksi kumi na moja ya vitabu. Kamusi saba za aina moja. Sheria za ardhi. Mwongozo wa kutengeneza trekta. Kitabu cha keki chenye jina la mke wa mtu ukurasa wa kwanza, sidhani kama mke anajua. Muuza mbuzi mmoja alileta atlasi kwa mkono wake mwenyewe, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, akasubiri apigwe picha.

Mwalimu Mkuu akaniita mbele ya wote. "Habiba! Maktaba yako hiyo."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema asante. 

Mwalimu Nasteho nilipomweleza alicheka mpaka akakaa juu ya boksi. Akauliza kama kuna hata kimoja cha breli. Hakuna. Akacheka tena, safari hii kidogo. Akasema vipelekwe Gredi ya Tano, vitasomwa. Ni kweli. Nilipokuwa natoka watoto wawili walikuwa wamelala kifudifudi juu ya atlasi wakiitafuta Garissa.

Siku kumi na moja zimebaki.

Ijumaa, 18 Julai

Habari njema. B. Warsame ana maktaba zote kwenye diski. "Huku intaneti hukatika kila mara," ameandika. "Naziweka akiba kama watu wanavyoweka unga." Diski itakuja na basi la kesho.

Akauliza kompyuta yangu ni ya biti 32 au 64. Nikajibu 64. Sikuangalia. Sikutaka ajue kwamba sijui. Naandika hapa ili niwe nimekiri mahali.

Jumamosi, 19 Julai

Siku mbaya.

Diski imefika saa sita, imefungwa vizuri kwa kitambaa chenye maua. Nikajisemea, huyu kaka B. ana mke mwenye mpangilio. Nikachomeka. Nikaikuta maktaba. Nikasakinisha. Kompyuta ikakataa: hiki ni cha mashine ya aina nyingine. Yangu ni ya 32. Imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni. Kwa herufi kubwa.

Hapo ningesimama. Sikusimama. Ipo amri ya kulazimisha, na kila mahali wameandika usiitumie. Nikaitumia. Ikaonya, nikasema ndiyo. Ikaonya tena, nikasema ndiyo. Ikaenda kubadilisha maktaba ya chini kabisa, ile ambayo programu zote zinaiegemea. Baada ya hapo kila amri ilikataa. Hata ya kuorodhesha faili. Hata ya kuzima. Nikachomoa waya ukutani.

Haijawaka tena.

Mimi ni mjinga. Mjinga mwenye diploma.

Jumapili, 20 Julai

Hooyo, mama yangu, alipika anjera kwa asali, nikaitazama tu. Akanishika paji la uso, akasema si malaria. Sikumweleza.

Nimekwenda nyumbani kwa Mwalimu Nasteho kumwambia. Njiani nilifanya mazoezi ya maneno. Nilipofika nikasahau yote, nikasema tu: nimeiua kompyuta, na nilidanganya.

Akauliza mtihani umeandikwa wapi. Nikamwambia uko kwenye flashi yangu, salama.

"Basi umeharibu boksi," akasema. "Keti."

Akanimiminia chai bila kumwaga hata tone. Akanisimulia mtihani wake wa kumaliza shule. Yeye pia alisomewa. Msomaji wake alikuwa na kikohozi. "Mpaka leo, Habiba, sijui swali la kumi na nne lilikuwa linauliza nini." Alilisema kama mzaha. Miaka zaidi ya ishirini, na bado anaikumbuka namba.

Kutoka pale nikamwandikia B. Warsame ukweli wote. Ujumbe mrefu, wa aibu. Jibu likaja kabla sijafika barabarani: "Nilishuku. Ilete."

Nikauliza kama yeye hawezi kuja. Mashine ya breli iko huku, tungeijaribu hapo hapo.

"Sina karatasi ya kutoka kambini. Kuiomba ni wiki kadhaa. Ilete wewe."

Jumatatu, 21 Julai

Mwalimu Mkuu ameniruhusu siku mbili. Akauliza kama nahitaji vitabu zaidi. Nimesema hapana, kwa upole.

Hooyo ni jambo jingine.

"Huyu B. ni nani?"

Fundi.

"Ameoa?"

Sijui, Hooyo. Nadhani ameoa. Diski ilikuja na kitambaa cha maua.

"Unadhani." Akaweka kisu chini. "Tunakwenda wote."

Nina miaka ishirini na saba na nina kitambulisho. Haikusaidia. Tayari amempigia simu dada yake, Habaryar Amina, aliyeolewa Dadaab. Tutalala kwake. Hamdi amecheka mpaka akapaliwa.

Jumatano, 23 Julai, Dadaab

Mkono umechoka, lakini lazima niandike leo.

Tumeondoka Garissa alfajiri. Boksi la kompyuta mapajani, limefungwa blanketi kama mtoto. Upepo, vumbi, mchanga mwekundu mpaka ndani ya masikio. Kituo cha ukaguzi cha kwanza askari akataka nifungue blanketi. Kijana wa bara, mpole, amechoka.

"Hii ni nini?"

Kabla sijajibu Hooyo akaingilia. "Hii kombyuta ya shule. Ya watoto hapana ona."

"Sasa mtoto haoni, kompyuta anaitumia vipi?"

Nikamweleza. Mashine, nukta, vidole, mtihani. Foleni nyuma yetu ikaanza kunung'unika. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwao Kitui ana binamu asiyeona, hajawahi kupelekwa shule. Akauliza kama shule yetu inapokea watoto wa mbali. Nikamwandikia jina la shule kwenye kipande cha karatasi, akakiweka kwenye kofia yake. Blanketi akalifunga mwenyewe.

Dagahaley saa sita. Sokoni tukaelekezwa kwenye duka la mabati. Mbele pasta, sabuni, mafuta ya kupimwa. Nyuma ya pazia zinaonekana waya na maboksi yaliyofunguliwa. Mwanamke wa umri kama wangu, labda amenizidi kidogo, alikuwa anampimia mteja sukari, mtoto mgongoni. Nikamsalimu, nikasema namtafuta fundi, B. Warsame.

"Ni mimi," akasema. "Batula."

Nikaangalia nyuma yake, kwenye pazia. Wallahi niliangalia. Namtafuta mwanamume.

Hooyo alielewa kabla yangu. Alicheka kicheko ambacho sijakisikia tangu harusi ya abti, kaka yake. Akanyoosha mikono. "Nipe mtoto," akamwambia Batula. "Nyinyi fanyeni kazi."

Siku tisa nimemdhania kaka humu ndani. Yeye hakuwahi kusema ni kaka. Mimi ndiye niliyemvalisha kanzu.

Batula amezaliwa kambini. Kompyuta alijifunza kwenye kituo cha vijana, na kilipokosa mwalimu akajifunza kwa mashine zilizokufa. Alifungua boksi langu kwa ncha ya kisu cha jikoni. Akaangalia ndani, akapuliza, akasema, "Hii 32 yako ina afya." Hakusema kingine kuhusu uongo wangu. Baadaye sana, akiwa ameinama, akasema: "Kulazimisha, nami nimewahi. Mara mbili. Ya pili ilikuwa kompyuta ya zahanati."

Nilimpenda hapo hapo.

Kazi ilikwenda hivi. Kwanza tukasakinisha mfumo upya kutoka kwenye diski zake. Halafu maktaba zile tatu nilizozipata mwenyewe, nikaziweka bila kuuliza, akatazama akanyamaza, nikajisikia vizuri. Ya nne, ile ya nukta, hakuwa nayo ya 32 iliyo tayari. Alikuwa na msimbo wake. Kwa hiyo ilibidi tuijenge maktaba yenyewe kwanza, ndipo tujenge programu juu yake.

Batula hakugusa kibodi. Alinikalisha mimi, yeye akasimama kati yangu na sufuria ya chakula, mwiko mkononi, anauza pasta, anarudi. Kosa la kwanza likatokea, mistari arobaini ya malalamiko. Nikakimbilia ya mwisho.

"Hapana," akasema. "Rudi juu. Soma ule wa kwanza unaolalamika. Kwa sauti."

Nikausoma. Ulikuwa unataka kitu kidogo tu, ukurasa wa yaliyomo wa maktaba nyingine. Mistari mingine thelathini na tisa ilikuwa inalia kwa sababu ya huo mmoja. Nikaweka. Nikaanza upya. Kosa. Soma wa kwanza. Kosa. Soma wa kwanza. Mara ya tano sikungoja aniambie. Mara ya saba alikuwa nje anabishana na muuza maziwa na mimi nilikuwa nimeshapita.

Karibu na Alasiri programu ikaisha. Mstari mtupu, mshale unawaka na kuzimika. Basi.

Hooyo akachungulia, mtoto amelala begani kwake. "Mbona haikusema chochote?"

"Ikinyamaza ndiyo imekubali," Batula akasema.

Hatukuweza kuijaribu. Mashine ya breli iko Garissa, wanaume wanne. Na gari la mwisho la kurudi Dadaab lilikuwa linapiga honi. Tukafunga blanketi mbio mbio. Hooyo alikataa kumrudisha mtoto mpaka dereva akakasirika.

Batula akauliza kitu kimoja. Ikifanya kazi, nimtumie ukurasa mmoja wenye nukta. Hajawahi kuishika breli.

Ijumaa, 25 Julai

Asubuhi nimeunganisha waya zote. Mwalimu Nasteho kwenye kiti upande wa kushoto, mikono mapajani. Watoto wamejazana dirishani, wanaoona na wasioona. Mwalimu Mkuu mlangoni. Sikutaka watu. Walikuja.

Nikaandika amri. Nikabonyeza.

Programu ikagoma kwenye maktaba ya nukta.

Tuliijenga jana kutwa! Namaanisha juzi. Niliijenga kwa vidole hivi! Mwalimu Mkuu akafungua mdomo na Mwalimu Nasteho, sijui alijuaje, akainua kiganja kumzuia.

Nikachukua simu kumwandikia Batula. Nikaandika "Walaal". Nikaiweka simu chini. Nikarudi juu, nikausoma mstari. Haukusema maktaba haipo. Ulisema haiwezi kuifungua. Nikaenda kuangalia. Ipo. Imekaa /usr/local/lib, mahali pa vitu unavyojijengea mwenyewe, na mfumo hauna habari kama kuna mgeni kule. Hakuna aliyemtambulisha.

Amri moja. ldconfig. Inapitia makabati yote na kuandika upya orodha ya kilichomo. Sekunde mbili.

Nikabonyeza tena.

Ile mashine ina kelele! Kama mvua ya mawe juu ya mabati. Watoto dirishani walipiga mayowe, Mwalimu Mkuu akaruka, mimi nikaruka. Mwalimu Nasteho peke yake hakutikisika. Alinyoosha mkono akaupokea ukurasa wa kwanza ukiwa bado unatoka, akauweka mapajani, akapitisha vidole.

Tukangoja. Alisoma mpaka chini.

"Umeandika 'mwanafuzi'," akasema. "Mstari wa tatu. Kuna n imepotea."

Watu wakacheka, mimi zaidi ya wote. Halafu nikamwona amerudi juu ya ukurasa, anausoma tena tangu mwanzo, polepole, kama hakuna mtu chumbani. Nikatoka nje. Nilisema nakwenda kuangalia jenereta. Nililia nyuma ya tangi la maji, vizuri tu, kisha nikanawa uso.

Jumamosi, 26 Julai

Siku nzima kuchapa. Seti sita, masomo yote. Karatasi ilikwama mara tisa. Mara ya tisa niliisemesha mashine maneno ambayo sitayaandika hata kwa Kiswahili. n ya mwanafunzi imerudi mahali pake. Mwalimu Nasteho amesoma kila ukurasa, akapata makosa mengine manne, yote ya kwangu. Kebo imeungwa, mtandao umerudi leo saa nane. Asante sana, mtandao.

Ukurasa mmoja nimeupeleka stendi, umelala katikati ya vipande viwili vya boksi nukta zisibonyee. Nimeandika juu: Batula, Dagahaley, usikunje. Nimemrudishia na diski yake, ndani ya kile kitambaa cha maua. Hooyo ameongeza soksi ndogo.

Jumapili, 27 Julai

Nimelala mpaka saa nne. Batula ameandika. Amepokea, anajifunza herufi zake kwanza. B amepata. Anasema mtoto anajaribu kula karatasi.

Mikono imeanza kunitoka jasho kwa ajili ya kesho. Si mimi ninayefanya mtihani. Jasho halijui hilo.

Jumatatu, 28 Julai

Hesabu ilikuwa ya kwanza. Nimekaa nyuma ya chumba ikitokea shida. Haikutokea. Mwalimu Nasteho amegawa karatasi mwenyewe, akihesabu kwa kidole gumba.

Nilikuwa nimezoea kuwaona hao sita wakifanya mtihani wameinamisha vichwa upande mmoja, kwa msomaji. Leo kila mmoja alikuwa mahali pake. Mmoja bado yuko kwenye maelekezo. Mmoja amefika ukurasa wa pili. Mmoja ameruka akaanza na la mwisho, sijui kwa nini, shauri lake.

Ifrah alirudia mstari mmoja mara sita. Nilihesabu. Mkono wa kushoto umekaa mwanzo wa mstari, wa kulia unakwenda na kurudi. Hakuna aliyemwambia kitu. Mara ya saba akaacha, akavuta karatasi ya majibu na kisindano chake cha kutobolea nukta. Baadaye akainua mkono. Nikaenda. Alitaka karatasi nyingine ya kufanyia hesabu, ya kwanza imejaa. Nikampa. Hakusema asante. Alikuwa ameshainama tena.

Alhamisi, 31 Julai

Shule inafungwa kesho. Wazazi wa mbali wameanza kuja leo.

Ifrah amepata hamsini na nane kwenye hesabu. Mwalimu Nasteho ameniambia kwa sauti ya kawaida, kisha akaniambia tena.

Baba yake amekuja saa tano. Mtu mrefu, haongei sana. Aliomba kuiona karatasi yenyewe ya majibu. Nikampa. Akaigeuza huku na huku, akapitisha kiganja kizima juu yake. Akamuuliza Ifrah jina lake liko wapi. Ifrah akamshika kidole akakiweka pembeni juu, akakipeleka polepole, herufi moja moja, mpaka mwisho.

Kiyoyozi cha ofisini kilikuwa kimezimwa. Mtu alikuwa anafagia uani.

Baba akaikunjua ile pembe ya karatasi iliyokuwa imejikunja, akanirudishia. Akauliza shule inafunguliwa tarehe ngapi. Nikamwandikia.